Biasha, mkulima wa mwani aliyejikuta kwenye jalada la kitabu kisicho chake

Saa tatu asubuhi, siku ya bamvua, maji ya Ghuba ya Chole yamekupwa mbali sana. Wanawake wanatembea juu ya mchanga uliolowa, mmoja mmoja, bila haraka, na mazungumzo yao yanafika ufukweni yakiwa vipande vipande. Mwanga umetawanyika kote, juu na chini, na ukitazama sana unaanza kusinzia umesimama.

Mmoja wao ameinama juu ya kamba ya mwani. Anaichambua kwa vidole, anatoa uchafu, anakaza vifundo, kama mama anayemsuka mwanawe siku asiyokuwa na safari. Anaimba kidogo, ananyamaza, anaimba tena palepale alipoachia.

Huyo ni Biasha Matano, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, mjane na mkulima wa mwani kisiwani Mafia. Ukimtazama utahisi umewahi kumwona mahali. Na kama mwaka huu umepita sokoni Kilindoni, basi huenda umemwona kweli, akining'inia kwa kibanio cha nguo mbele ya duka la Dulla, ndani ya nailoni.

“Hapo ndipo nilipokuwa nikikaa mie,” anasema bila kuinua kichwa. “Elfu kumi na tano, wala hapana kupunguziwa.”

Anacheka, na kicheko hicho kinaishia kwenye tabasamu la upande mmoja, upande wa kushoto. Tabasamu hilo ndilo lililomponza.

Kitabu chenyewe kinaitwa Aliyemlaza Mumewe. Ni hadithi ya upelelezi. Mwanamke mmoja wa milimani, kwenye mashamba ya kahawa, anashtakiwa kwa kumtilia mumewe sumu. Humo ndani hamna bahari, hamna mwani, hamna hata samaki wa kukaanga. Lakini juu ya jalada kuna mwanamke wa pwani, kanga begani, kamba ya mwani mkononi, ghuba nyuma yake. Anatabasamu kwa upande wa kushoto.

Aliyechora ni Taufiki, mtoto wa kaka yake Biasha, mtu mzima mwenye watoto wawili. Anaandika mabango ya maduka na majina ya vyombo vya baharini pale Kilindoni, na mara mojamoja huchora majalada kwa mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam. Amefanya hivyo kwa miaka, na hajawahi kusoma hata kitabu kimoja kati ya alivyovichorea.

“Hadithi hawanipi,” anasema Taufiki. “Wananipigia simu wanasema, tunataka mwanamke wa makamo, wa pwani, anayetabasamu kama anaficha jambo. Basi. Mie nachora. Kila jalada langu lina bahari. Mpaka kitabu cha wafugaji wa ng'ombe nilikitia bahari kwa mbali, wakasema inapendeza.”

Alipoombwa tabasamu hilo, anasema, alifumba macho alitafute.

“Akaja shangazi. Angekuja nani mwingine?”

Kuomba ruhusa hakukumpitia akilini. Amekulia mikononi mwa Biasha, amekula kwake na kulala kwake. Uso wa shangazi yake aliuona kama kitu cha nyumbani, mtu hukichukua akitaka. Mwandishi wa makala haya alipomuuliza kama angemchora vivyo hivyo mke wa mkuu wa wilaya, alikuna kichwa akasema chai inapoa.

Ili kuelewa jalada hilo lilifanya nini, inabidi kumjua Abeid.

Abeid alikuwa mume wa Biasha, mkwezi wa minazi. Watu wanamkumbuka kwa miguu yake, jinsi ilivyoshika mti bila kelele. Miaka minne iliyopita alishuka mnazini alasiri, akasema kifua kizito kidogo. Akala chakula cha usiku, akaswali isha, akalala. Alfajiri Biasha alimwamsha kwa ajili ya swala, hakuamka. Hospitali walisema ni moyo. Akazikwa siku ileile.

“Alikula kwangu, akalala kwangu,” anasema Biasha. “Mtu akitaka kusema, ana pa kuanzia.”

Kwa miaka minne hakuna aliyesema, angalau si kwa sauti. Ndipo kitabu kikaja.

Dulla, mwenye duka, anauza madaftari, betri, sabuni na vitabu vichache vya hadithi. Vitabu huvifunga ndani ya nailoni na hamruhusu mtu kufungua kabla ya kulipa. Ukimuuliza sababu anayo tayari: “Hewa ya hapa ina chumvi, inakula karatasi. Halafu nawajua watu wangu. Nikiwaachia watakisoma wamesimama mpaka kiishe, kisha waniage.”

Kwa hiyo watu walisoma kilichosomeka. Mbele, uso wa Biasha na jina la kitabu. Nyuma, sentensi tatu kwa wino mwekundu: Alimpikia. Akala. Hakuamka.

Hayo yalitosha. Katika kisiwa ambacho mtu akinunua kitanda kipya sokoni, habari inatangulia kitanda kufika nyumbani, uvumi ulivuka wilaya nzima kabla kitabu chenyewe hakijapata mnunuzi. Ati kuna mtu wa bara amekuja akachunguza kifo cha Abeid na kukiandika. Ati mahakama imeshasikia. Ukibisha unaambiwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Kosa hilo lisingetokea Dar es Salaam. Kule uso wa kwenye jalada ni uso tu. Huku uso una jina, una baba, una njia ya kwenda kwake. Ukiuona juu ya hadithi, hadithi ni yake. Hapakuwa na jambo la kujadili.

Hamisa, jirani na mwenzake wa mwani, anakiri kwamba naye aliamini. “Niliuona kwa macho yangu,” anasema. “Nikasema, loo, Biasha! Na juzi tumekula naye sahani moja!”

Hadi hapo Biasha angeweza kuvumilia. Anasema mwani umemfundisha kuvumilia, maana unaweza kuupanda ukaoza wote kwa joto la maji, ukapanda tena. Kilo moja ya mwani mkavu, baada ya kulima, kuvuna, kuanika na kubeba, hainunui soda mbili. Mtu anayeishi kwa kazi hiyo haangushwi na maneno ya barazani.

Lakini yeye ana binti.

Safia, mwanawe wa pekee, alikuwa ameposwa na Sabiti, kijana wa kisiwa cha Bwejuu. Mahari ilishatajwa na kila upande ulikuwa radhi. Siku moja Bimkubwa, mama yake Sabiti, alivuka kwenda Kilindoni kununua vitu vya sanduku la bibi harusi. Akapita mbele ya duka la Dulla, akainua macho. Akarudi Bwejuu na kapu tupu.

Baada ya siku chache ukafika ujumbe: tusubiri kidogo.

“Nililia,” anasema Biasha, na sasa ameacha kamba, amesimama wima na maji yanamfika vifundoni. “Sikumlilia Bimkubwa. Nilimlilia mwanangu, kwamba mie nimemharibia na sikufanya kitu. Safia hakuniuliza, wallahi. Alinipikia uji akaniwekea. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba hakuniuliza.”

Siku mbili hakwenda mwanini. Siku ya tatu alipanda bodaboda hadi Kilindoni na kusimama mbele ya duka la Dulla, akijitazama.

“Shikamoo, bibi,” Dulla alimwambia.

“Marahaba. Niteremshe hapo.”

Dulla anasimulia kwamba alitaka kutania, mdomo ukamtangulia. “Nikamwambia, bibi, umekuja kujinunua mwenyewe? Akaniambia, ndiyo, kabla hajaninunua mwingine.”

Alilipa bei ya karibu gunia zima la mwani mkavu. Akakifunga kitabu kwenye kanga, akarudi nacho nyumbani, akakiweka chini ya mto. Hakukifungua. Alisoma hadi darasa la nne na kusoma anajua, ila kwa mwendo wa kobe, na anasema alikuwa na hofu ya kipuuzi: labda kweli yumo.

Ndipo zikaanza ndoto.

Biasha anazisimulia akiwa anatembea kurudi ufukweni, kapu la mwani kichwani, maji yakianza kujaa polepole nyuma yake. Aliota yuko mahali pa baridi, kwenye vilima, miti mifupi yenye vijitunda vyekundu. Hajawahi kuona mti wa kahawa. Katikati ya miti alikuwepo mwanamke mwenye uso wake, amevaa viatu vyenye visigino.

“Akaniuliza, wewe, unatafuta nini huku? Nikamwambia, nimefuata uso wangu. Usiku wa pili akaja yeye kwangu, kakaa palepale ukumbini, visigino vimejaa mchanga, kaniomba chumvi. Nikampa. Usiku wa tatu nikaona namhurumia. Nikajisemea, huyu masikini kavaa uso wangu, na mie nimevaa dhambi yake. Sasa nani kamwonea mwenzake?”

Asubuhi alikitoa kitabu chini ya mto na kuchana nailoni.

Kusoma peke yake kusingemsafisha, nani angemwamini? Akaamua kisomwe mbele ya watu, tena palepale uvumi uliponoga, kwenye banda la makuti ambamo wanawake hutengeneza kamba. Siku za maji mafu, bahari isipokupwa vya kutosha, hakuna kwenda mwanini. Wanawake hukaa bandani wakikata vikamba vyembamba na kuvifunga kwenye kamba ndefu, tayari kwa mbegu. Mikono ina kazi, masikio hayana.

Msomaji alikuwa Safia.

“Mama alinipa kitabu akaniambia, soma, usiruke hata mstari,” anasema Safia, binti mwenye sauti nyembamba inayokaza mwishoni mwa maneno. “Nilikuwa naogopa kila nikifunua ukurasa.”

Sura ya kwanza ilipoisha, Hamisa alikuwa na swali. Huyu Furaha wa kitabuni ana gari na mpishi. Biasha gari alilipata lini? Sura ya tatu Furaha alipita sokoni akaziba pua kwa harufu ya dagaa, na banda zima likaangua kicheko. Hata Biasha alicheka.

Kisha yakaja maji ya bamvua, ikabidi kurudi mwanini na kitabu kikabaki nusu. Hamisa anasema siku hizo zilikuwa za ajabu. Walikuwa wameinama majini, mwanga unawachezea usoni, na wote wanamzungumzia mwanamke wa milimani kana kwamba ni jirani aliyepelekwa polisi jana. Kamuua? Hakumuua? Mmoja alisema amemwota. Biasha alipomsikia, alifurahi kwamba hayuko peke yake.

Habari za kisomo zilifika Bwejuu. Maji mafu yaliporudi, Bimkubwa alitokea bandani, amejitanda buibui, akakaa pembeni kwenye kigogo.

“Shikamoo, mama,” Safia alimwamkia.

“Marahaba. Endelea kusoma, usiache kwa ajili yangu.”

Hakuomba hata maji ya kunywa, kama mtu anayeogopa kutiliwa kitu. Siku ya kwanza mikono yake ilikaa mapajani. Siku ya pili, wakati Furaha anasimama kizimbani na ndugu wa mumewe wanamzomea, Hamisa alimwona Bimkubwa amevuta kamba iliyokuwa karibu na kuanza kufunga vifundo, vibaya, bila kuitazama.

Siku ya mwisho Safia alisoma hadi sauti ikakauka. Aliyetia sumu hakuwa Furaha. Alikuwa ndugu wa mume, aliyelitaka shamba. Furaha alikuwa amekaa jela karibu kitabu kizima bila kosa.

Bimkubwa ndiye aliyesema kwanza.

“Kurasa zote hizo kafungwa bure?”

“Bure, mama.”

“Hebu nipe hicho kitabu.”

Alikifunga, akatazama jalada kwa muda mrefu, uso wa Biasha na lile jina juu yake. Akasema hata jina lenyewe ni la uongo, maana huyo Furaha hakumlaza mtu. Jalada limewasingizia wote wawili, wa nje na wa ndani. Kisha akamgeukia Biasha.

“Mwenzangu, mie nimekukosea. Nilikuona pale juu nikakuhukumu njiani. Na mume wako sijakuuliza hata siku moja. Alikufaje, Abeid?”

Biasha anapofika hapo katika kusimulia, anashusha kapu mchangani na kukaa juu ya ukingo wa chanja ya kuanikia.

“Miaka minne,” anasema. “Walinipa pole, walinisomea hitima, Mungu awalipe. Lakini kuniuliza alikufaje, alisema nini, alikula nini, hakuna aliyeniuliza. Siku hiyo nilisema yote. Kwamba aliniambia kifua kizito, na mie nikamwambia kalale, kesho kitakuwa kimepoa. Hilo ndilo lililokuwa likinila. Sikumtilia kitu. Nilimwambia kalale.”

Bimkubwa alihama kutoka kwenye kigogo akaja kukaa karibu naye, bega kwa bega. Wanawake wakaendelea kufunga kamba.

Posa imerudi. Harusi imepangwa mwezi wa Shaabani, kabla ya Ramadhani, baada ya Biasha kuvuna na kuuza mwani ulioko baharini sasa. Bimkubwa amerudi Kilindoni na safari hii kapu halikurudi tupu. Kitabu nacho amekichukua yeye, kinazunguka Bwejuu mkono kwa mkono bila jalada. Anasema huko watu wanaanzia ukurasa wa kwanza kama inavyopasa.

Taufiki alikuja kuomba radhi siku ileile aliposikia. Biasha anasema alikaa kizingitini kama mgeni, hakuingia mpaka alipoitwa mara mbili. Tangu hapo, mchapishaji akimpigia simu, Taufiki anataka kwanza asimuliwe hadithi mwanzo hadi mwisho. Mchapishaji amelalamika kwamba vocha inaisha. Taufiki hana habari.

Jalada lenyewe Biasha alilikata kwa mkasi kabla ya kitabu kwenda Bwejuu. Analo nyumbani, ndani ya sanduku, katikati ya kanga. Na hapo ndipo ulipo mpango wake.

Abeid hakuacha picha. Wageni wa hoteli za ghuba walikuwa wakipita kijijini na kamera zao na kupiga picha watoto, paka na milango, lakini kila walipopita yeye alikuwa juu ya mnazi. Palikuwa na picha moja ndogo ya kitambulisho, nayo hewa ya chumvi iliila. Kilichobaki kuonekana humo ni shati tu. Usiku ule baada ya kisomo, Safia alimwambia mama yake jambo alilokuwa akilificha: ameanza kuusahau uso wa baba yake. Anakumbuka sauti, anakumbuka miguu, uso unamkimbia.

“Basi nikasema, huyu Taufiki anajua kutia mtu mahali asipokuwa,” anasema Biasha. “Mara hii amtie mtu mahali anapostahili. Pale nyuma yangu pana nafasi, bahari tupu. Nataka siku ya harusi Safia akifungua sanduku lake alikute jalada lilelile lililotaka kumvunjia ndoa, na baba yake yumo.”

Maalim wa msikiti alipopata habari alikunja uso, hapendi picha ukutani. Biasha alimjibu kwamba ukutani haitakaa.

Alasiri Taufiki anafika na brashi zake kwenye kopo la maziwa. Kazi ameshaianza tangu wiki iliyopita, na leo amekuja kumwonyesha shangazi yake. Analifunua jalada lililofungwa kwenye gazeti na kuliweka juu ya mkeka. Maneno mekundu ameyafuta. Jina la kitabu limezama chini ya rangi ya mbingu. Mwanamke yuleyule anatabasamu kwa upande wa kushoto, na pembeni yake sasa umesimama mnazi mrefu, umepinda kidogo kuelekea majini. Juu kabisa, kati ya makuti, yuko mtu mdogo amewapa mgongo.

“Ndivyo ninavyomkumbuka mzee Abeid,” anasema Taufiki. “Ukipita njiani, unamwona kule juu.”

Ni picha nzuri. Safia, aliyeagizwa dukani makusudi ili asiione, angeipenda. Biasha anaishika kwa ncha za vidole, anaisogeza kwenye mwanga wa mlangoni, anaitazama mpaka mtu anaanza kuona aibu kuwa pale. Maji yamejaa sasa, yanasikika. Machozi yanamtoka na hayafuti, na chini ya machozi hayo lile tabasamu la kushoto linajitokeza polepole.

Anamrudishia Taufiki jalada.

“Mshushe,” anamwambia. “Harusi ya binti yake, atakaa juu ya mnazi?”